Waya wa Nyuma ya Paneli

Jumatatu, 11 Machi

Leo wametundika tangazo kwenye mlango wa ofisi ya mradi. Nimelisoma mara tatu nikijifanya nasoma lile la chanjo ya ng'ombe lililo pembeni. Kuna kampuni itakayochukua mradi wetu wa maji kuanzia Julai, na inataka fundi mmoja wa kituo cha pampu. Kazi ya kudumu, yenye bima na likizo. Awe na cheti cha umeme au cha mitambo ya maji. Awe amemaliza kidato cha nne. Umri usizidi miaka thelathini na mitano.

Mimi nina arubaini na nne. Shule niliishia darasa la nane. Pampu ile nimeiendesha miaka kumi na sita nikiwa kibarua, na hakuna mtu mwingine kutoka Golbanti hadi Minjila anayejua kuiwasha ikigoma.

Mke wangu Maurine aliniuliza mbona sili, nikamwambia ni jua. Baadaye nikachukua daftari hili la binti yetu Hope, ambalo bado lina kurasa nyingi tupu. Mambo ya kituo huwa nayaandika kwenye kitabu cha kituo: saa ya kuwasha, saa ya kuzima, kina cha mto. Haya mengine hayana kitabu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepeleka barua ya maombi. Palipoandikwa "ambatisha vyeti" nimeambatisha kitambulisho.

Jumatatu, 18 Machi

Meneja wa mradi, Bwana Suleiman, amekuja kituoni na msichana mwembamba aliyevaa buibui na viatu vya kazi.

"Buya, huyu ni Ruwaida, binti wa Mzee Adano wa Minjila. Amemaliza diploma ya umeme. Atakuwa hapa miezi mitatu kwa mazoezi ya kazi. Mfundishe kila kitu."

Msichana alipokwenda kuangalia tangi nilimvuta meneja pembeni. "Na huyu pia ameomba ile kazi?"

"Kila mtu ameomba, Buya." Akaangalia saa yake.

Msichana amefunga Ramadhani, na jua la leo lilikuwa la kuua, lakini alipanda ngazi ya tangi hadi juu bila kupumzika. Nilikuwa nimemtuma kwa makusudi.

Ijumaa, 22 Machi

Anauliza kila kitu. Anachora kila kitu. Ana daftari la mazoezi ambalo mimi, mtu wa darasa la nane, ndiye ninayetakiwa kulitia sahihi kila Ijumaa.

Leo alifika kwenye paneli ya umeme. Wacha niandike hapa jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mwaka ule wa mafuriko makubwa, swichi kuu iliungua upande unaolisha kitufe cha kuwashia. Spea haikuja. Watu walikuwa wanachota maji machafu na watoto wanaharisha. Nikachukua waya mmoja mwembamba kutoka juu ya swichi, nikaupitisha nyuma ya paneli, pampu ikawaka. Nilisema ni wa muda. Tangu hapo, ukishusha swichi kuu, paneli inaonekana imekufa lakini waya ule wa nyuma bado una moto. Ndiyo maana mimi sifungui paneli kabla ya kwenda nje kung'oa fyuzi za kwenye nguzo. Wengine wanadhani ni mazoea tu ya mzee Buya.

Ruwaida alishika mkono wa swichi akaniuliza, "Mzee Buya, nikishusha hii, paneli imekufa yote?"

Nikamwambia, "Imekufa yote."

Akaandika.

Najua kwa nini nilisema vile. Angeandika kwenye ripoti yake kwamba fundi wa hapa amefunga waya kihatari, na jina langu lingeishia hapo. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba mtu asiye na cheti ana kitu kimoja tu cha kumfanya asifukuzwe, nacho ni kujua asichokijua mwingine.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua ya kwanza. Mto futi sita.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Mto futi saba na nusu. Ruwaida amegundua kwa nini maji hayafiki shule ya juu. Valvu ilikuwa imefungwa nusu kwa miaka, na mimi nimekuwa nikilaumu bomba. Kina mama wameanza kumwita fundi. Mimi pia wananiita fundi, lakini leo neno hilo lilinikaa vibaya masikioni.

Ijumaa, 12 Aprili

Baada ya Idi Ruwaida amerudi na kibuyu cha maziwa kutoka kwa mama yake, na halua. Tuliketi kwenye kizingiti cha kituo tukila. Akaniambia, "Mzee, nimeona barua yako ya maombi ofisini. Umejiandika vibaya."

Niliona aibu, nikafikiri ananicheka. Lakini alitoa simu, akaanza kuniuliza: ni pampu gani nimewahi kufungua, mota ngapi, jenereta gani. Akaandika wasifu wangu, ukajaza kurasa mbili. Sijawahi kuona maisha yangu yakiwa yamepangwa hivyo. Akasema kuna mtihani wa serikali kwa watu waliojifunzia ufundi kazini, na kwamba cheti chake kinakubalika.

"Kwa nini unanisaidia? Tunaomba kazi moja."

"Wewe ndiye mwalimu wangu," akasema. "Wakikuchukua wewe, mimi nitatafuta Hola. Nimeshaomba sehemu kumi na moja."

Nilikuwa tayari kumwambia kuhusu waya. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Ndipo pikipiki ya meneja ikafika na mafuta ya jenereta, tukainuka kuyapokea, na lile neno likarudi lilikotoka.

Ijumaa, 19 Aprili

Majina ya watakaohojiwa yametoka. Ni watano. La Ruwaida lipo, langu halipo.

Nilimtilia sahihi daftari lake bila kulisoma.

Jumatatu, 22 Aprili

Sijasema naye leo isipokuwa la kazi.

Alhamisi, 25 Aprili

Mto futi kumi na moja. Mashamba ya mpunga ya upande wa chini yamezama, la kwetu pia. Maurine alisimama kwenye tuta akiangalia maji, akasema, "Basi mwaka huu ni pampu tu, Baba Hope." Sikumwambia kwamba jina langu halimo.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua. Barabara ya Garsen imekatika sehemu mbili. Tunavuka kwa mtumbwi.

Ijumaa, 3 Mei

Nitaandika kama yalivyotokea.

Asubuhi maji yalikuwa yamefika mlangoni mwa kituo. Meneja akapiga simu: zimeni, toeni mota, ipandisheni juu kabla haijazama. Tulikuwa wanne: mimi, Ruwaida na vibarua wawili. Mimi na vibarua tuliingia majini kuvuta bomba la kufyonzea. Maji kiunoni, baridi, yana nguvu.

Ruwaida alichungulia dirishani akaita, "Mzee! Nimeshusha swichi. Nafungua paneli nichomoe waya za mota!"

Nilisikia kila neno. Nilijua fyuzi za nguzo bado ziko juu. Nilifungua mdomo niseme ngoja. Wale vibarua walikuwa pembeni yangu wananitazama, na nikiwaza nitaelezaje mbele yao kwa nini angoje, nikauacha wakati ukapita. Nilijiambia waya uko nyuma kabisa, mkono wake hautafika. Nilijiambia ana kipimo, atapima. Haya yote niliyawaza kwa muda wa kuvuta pumzi moja, na ile pumzi niliitumia kusema, "Haya!"

Haya. Ndilo neno nililomjibu.

Baadaye niliona kwamba alipima. Kipimo chake kilikuwa sakafuni. Alipima nyaya tatu kubwa kama alivyofundishwa, akakuta zimekufa, ndipo akapenyeza mkono.

Hakupiga kelele. Nilisikia sauti kama ya mtu aliyekwamwa na chakula. Vibarua walitaka kukimbilia ndani, nikawafokea wasimame, wasimguse. Nikakimbilia kwenye nguzo. Ni hatua ishirini, na leo ndani ya maji zilikuwa kama mia. Nikaangusha fyuzi zote tatu kwa fimbo ya kung'olea. Nilipoingia alikuwa ameanguka, mkono wa kulia umeungua kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, macho wazi, hapumui. Nikamlaza juu ya meza, nikambana kifua, nikambana, nikambana. Sijui ni mara ngapi. Kibarua mmoja alikuwa analia akimtaja Mungu. Kisha Ruwaida akakohoa.

Tulimvusha kwa mtumbwi hadi barabarani, pikapu ikamchukua Garsen. Kutoka Garsen wamempeleka Malindi. Anaishi.

Jumamosi, 4 Mei

Nimerudi kituoni peke yangu asubuhi. Nikaung'oa ule waya. Nikautupa mtoni.

Alhamisi, 9 Mei

Meneja ameandika ripoti: maji ya mafuriko yaliingia kwenye paneli. Amenisomea. Kuna mahali pameandikwa, "Kutokana na ujasiri na maarifa ya Bwana Buya, maisha yaliokolewa." Vibarua wameshahadithia kijiji kizima jinsi nilivyojua kukimbilia nguzo badala ya mgonjwa. Kanisani Jumapili mchungaji alinisimamisha, watu wakapiga makofi. Nilisimama.

Mtu mwingine yeyote angekimbilia paneli. Mimi nilikimbilia nguzo kwa sababu nilijua. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilijuaje.

Jumanne, 14 Mei

Mzee Adano amekuja kwa miguu kutoka Minjila, akizunguka maji, na mtamba mwekundu kwenye kamba. Sikumbuki mara ya mwisho mfugaji wa kule alipoingiza ng'ombe kijijini kwetu pasiwe na ugomvi wa shamba. Watu walitoka nje kuangalia.

Alikataa kiti. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mimi naleta hii kwa mkono yangu," akasema. "Wewe narudisha mtoto yangu. Nyumbani kwangu kila mtu najua jina yako sasa. Hata mama yake naomba dua kwa jina yako, na wewe Mkristo."

Maurine alilia. Mimi nilishika kamba. Ningefanya nini? Nilishika kamba ya ng'ombe wa mtu.

Jumatatu, 20 Mei

Barua imekuja, ina muhuri wa kampuni. Kamati ya mradi iliwaandikia kuhusu ujasiri wangu, nao wamekubali kuniajiri bila kuangalia cheti wala umri. Naanza tarehe moja Julai. Jina langu limeandikwa vizuri, herufi zote.

Miaka kumi na sita nimeingoja barua hii. Maurine aliimba tangu jikoni hadi uani. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikakaa huko hadi alipomaliza kuimba.

Jumatano, 22 Mei

Mvua imepungua. Sijalala wala sijala vizuri.

Ijumaa, 24 Mei

Nimemwambia Maurine. Tulikuwa tunaparua samaki. Hakuacha kuparua hadi nilipomaliza kusema.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na waya?"

"Nimeutupa."

Akaosha mikono, akaikausha kwenye leso, akaketi karibu yangu. "Basi umekwisha huo waya. Baba Hope, nisikilize. Shamba liko chini ya maji. Hope yuko kidato cha pili. Ukienda kusema, mkono wa yule mtoto utapona?"

"Hautapona."

"Sasa utakuwa umemsaidia nani? Wewe unataka kulala tu. Unataka sisi tukeshe na njaa ili wewe ulale."

Alilosema ni kweli, na hata hivyo najua nitakwenda.

Jumanne, 28 Mei

Malindi. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Mkono umefungwa bendeji hadi begani. Aliponiona alitabasamu, akajaribu kukaa, akamwambia mgonjwa wa pembeni, "Huyu ndiye mwalimu wangu niliyekuhadithia."

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia yote: swichi iliyoungua, waya, fyuzi, tangazo la kazi, na lile "haya" la dirishani. Nikamwambia hata kwamba waya niliutupa mtoni. Nilidhani atalia au atanifukuza.

Akasema polepole, "Nilikuuliza."

"Uliniuliza, binti yangu."

"Usiniite binti yako. Nilikuuliza, mzee. Nilikaa hapa wiki tatu na nusu nikifikiri mimi ndiye niliyekosea. Nilikuwa narudia kila hatua kichwani. Nimeshusha swichi, nimepima, wapi nimekosea? Nilishamwambia baba sitaki tena kazi ya umeme kwa sababu mimi ni mzembe."

Akageuzia uso dirishani. Nesi akaja akasema mgonjwa anahitaji kupumzika.

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilikuwa nimehesabu mkono wake tu. Kumbe nilikuwa nimemwibia pia imani ya kwamba anaijua kazi.

Jumatatu, 3 Juni

Nimempelekea meneja maelezo yangu, ukurasa mmoja na nusu. Aliyasoma, akaukunja ule ukurasa, akaniwekea mezani.

"Sijauona huu."

"Uone, Bwana Suleiman."

"Una barua ya kazi, Buya! Mimi nimeshaweka sahihi kwenye ripoti. Msichana anaishi. Unataka nini hasa?"

"Ripoti yako inasema ni mafuriko. Yule msichana anajiona ni mzembe. Nataka iandikwe kwamba alifanya sawasawa kila kitu."

Nilimwambia asipoupeleka yeye, nitaupeleka mwenyewe kwa hao wa kampuni. Akasema niondoke mbele ya macho yake. Nilipofika mlangoni nikageuka, nikamwona anaukunjua tena.

Jumatano, 5 Juni

Nimemrudisha mtamba Minjila. Tulitembea polepole, matope bado ni mengi.

Mzee Adano alikuwa amekwisha kujua, binti yake amempigia simu. Vijana wake walisimama. Akawaambia kitu kwa lugha yao, wakakaa. Mimi hakuniambia nikae.

"Mfunge pale."

Nikamfunga. Nikasema niliyokuja kusema. Hakunikatiza.

Kisha akasema, "Mimi nimeambia watu wote jina yako. Sasa nitaenda kwa hao watu wote tena. Hiyo kazi wewe nanipa, na mimi ni mzee." Akamgeukia mtamba. "Polisi, hapana. Ruwaida mwenyewe nakataa. Lakini hii njia umekuja nayo leo, usikuje nayo tena."

Jumanne, 11 Juni

Barua ya pili ya kampuni. Ya kwanza imefutwa. Nimeachishwa hata kibarua, "kwa kufunga waya kinyume cha usalama na kuficha hatari iliyosababisha jeraha." Maurine aliisoma, akairudisha kwenye bahasha, akaenda shambani ambako hakuna kitu.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeomba kazi kwenye kiwanda cha barafu, kwenye hoteli na kwa fundi wa jenereta Garsen. Kote wananiuliza cheti, kisha wananiuliza kwa nini niliondoka mradini. Yule wa jenereta alikuwa ameshasikia.

Jumatano, 3 Julai

Mto umerudi futi sita. Ruwaida ameajiriwa. Walimhoji akiwa na mkono kwenye kitambaa, vidole viwili havikunjiki. Meneja alisoma maelezo yangu mbele ya jopo, na pale nilipoandika kwamba alipima na hakukosea, mmoja wao akamwomba Ruwaida aeleze hatua kwa hatua. Akaeleza. Nimeyajua haya kutoka kwa kibarua.

Mchana Ruwaida alinitumia huyo kibarua: nifike kituoni. Nilikwenda. Hakunisalimia kwa mkono, wala wa kushoto.

"Nionyeshe vingine," akasema.

Nilimwonyesha. Valvu iliyozikwa mchangani ambayo haiko kwenye ramani. Kiungio cha bomba nilichofunga kwa mpira wa tairi. Jenereta ambayo mkanda wake lazima uulegeze kabla ya kupiga stata. Kisima kidogo cha zamani nyuma ya tangi. Tulizunguka saa tatu nzima. Kila kimoja aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa na mbaya kama za mtoto wa chekechea, na nilingoja hadi amalize kila neno. Mwisho nikamwambia hata ile sauti ambayo pampu hutoa siku mbili kabla ya beringi kufa.

Nilipotoka mle sikuwa na kitu ninachokijua peke yangu. Alifunga mlango. Sikusikia asante, wala sikuitegemea.

Jumatatu, 15 Julai

Nanighi. Nimefika jana kwa basi. Kuna mkandarasi anachimba visima huku kwa ajili ya mifugo, na alikuwa anatafuta watu. Msimamizi wao ni kijana anaitwa Duba, ana shingo nene na haongei sana. Tulipanga foleni chini ya turubai. Zamu yangu ilipofika akaniuliza nimefanya nini.

"Pampu za maji, miaka kumi na sita."

"Kwa nini umeondoka?"

Nyuma yangu kulikuwa na watu wanane wanaosikiliza. Nilikuwa nimejitungia jibu njiani, tangu Hola, na lilikuwa jibu zuri: mradi umechukuliwa na kampuni. Hata si uongo. Nikatoa ile barua ya pili, nikampa.

Aliisoma hadi mwisho. "Huyu mtu aliyeumia, yuko wapi?"

"Ndiye fundi wa kituo sasa."

Akanirudishia barua. "Pampu hugusi. Umeme hugusi, hata taa ya hema. Kuna mabomba ya kushusha kutoka kwenye lori. Ukitaka."

Nikasema nataka.

Jioni nimempigia Maurine. Tangu Juni amekuwa akisema nami la lazima tu.

"Wamekuuliza kwa nini uliondoka?"

"Wameniuliza."

"Ukawaambia?"

"Nimewaambia."

"Na wamekuchukua?"

"Wamenichukua kubeba mabomba. Na vijana wa rika la Hope."

Nikasikia anasogeza sufuria jikoni. Kisha akasema, "Basi beba, Baba Hope. Na bega ulifunge kitambaa."